Nyumba Ilikuwa Yao: Historia ya Jengo la Prince Hall, Atlanta

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki na Kongo hapa Atlanta. Tunaiweka kamili kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu kazini na wale wanaoishi mbali. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wote, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, shikamooni na salaam aleikum, Bwana asifiwe na karibuni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kabla mweka hazina hajasimama kusoma taarifa ya mfuko wa jengo, na nikamuuliza kwa nini mimi, mwalimu mstaafu ambaye hata hesabu za nyumbani kwangu anazishika mke wangu. Akanijibu kwamba hesabu zitasomwa na mwenye hesabu. Anachotaka kwangu ni kuwaeleza wanajumuiya kwa nini chama kijenge, ilhali ukumbi wa kukodi kama huu upo. Basi nimeamua kuwaeleza habari za jengo moja tu. Ni jengo la matofali lililoko kwenye kona ya Auburn Avenue na Hilliard Street, ambalo wengi wenu hulipita mnapowapeleka wageni kutazama nyumba aliyozaliwa Martin Luther King. Mnapita, mnaelekea namba 501 alikozaliwa, mnapiga picha, mnarudi. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusimama mbele ya namba 334 tukauliza: nyumba hii ilikuwa ya nani?

Ilikuwa, na hadi leo ni, mali ya Loji Kuu ya Prince Hall ya jimbo la Georgia, yaani chama cha udugu cha Wamasoni Weusi.

Naona baadhi yenu mmetazamana. Najua. Kwetu nyumbani neno Frimasoni likitajwa watu huvuta viti karibu, kisha zinaanza habari za pete, za damu na za utajiri wa usiku mmoja. Niwaondoe wasiwasi mapema: mimi si mwanachama wao, sijaja kumwandikisha mtu, na siri zao za ndani sizijui wala hazinihusu. Ninachozungumzia ni mambo ya hadharani kabisa, yaliyoandikwa na wanahistoria na kutambuliwa hata na sheria ya nchi hii. Anayetaka habari za pete atanisamehe.

Tuanzie Boston. Mwaka 1775, kabla Marekani haijajitangazia uhuru, mtu mmoja mweusi aliye huru, jina lake Prince Hall, aliingizwa katika Umasoni pamoja na wenzake 14 na loji, yaani tawi la chama hicho, iliyokuwa ndani ya jeshi la Waingereza lililokuwa limepiga kambi mjini humo. Wamasoni Wazungu wa Boston hawakuwataka. Kikosi kile kilipoondoka, watu hawa 15 wakaachwa na ruhusa ndogo sana: waruhusiwe kukutana, waandamane siku ya Mtakatifu Yohana, na wazike wafu wao. Basi. Kuingiza wanachama wapya hawakuruhusiwa. Ikabidi Prince Hall aandike barua London kuomba hati kamili, na Loji Kuu ya Uingereza ikaitoa mwaka 1784, ingawa ilimfikia mkononi mwaka 1787. Fikirieni subira hiyo, ndugu zangu: zaidi ya miaka 10 ya kuwa chama chenye ruhusa ya kuzika tu.

Nawaomba mlishike hilo la kuzika, kwa maana sisi tulioko ugenini tunalielewa kuliko mtu yeyote. Jumuiya yetu hii ilianzaje? Ilianza kwa sababu mwenzetu alifariki, na watu ambao hawakuwa wakijuana wakajikuta wamekusanyika sebuleni mwa mtu mmoja, wakipitisha daftari la mchango ili mwili urudishwe nyumbani. Vyama vya udugu vya Wamarekani Weusi vilikuwa hivyohivyo. Kampuni nyingi za bima za Wazungu ama ziliwakataa, ama ziliwatoza zaidi na kuwalipa pungufu. Benki zilikuwa haziwajui. Mtu akiugua, chama kilimpa posho. Akifa, chama kilimzika kwa heshima na kumpa mjane chochote. Hizo ndizo zilizokuwa shughuli zao za kila wiki, na sare na vyeo vilivyowavutia watazamaji wa maandamano vilikaa juu ya kazi hiyo.

Prince Hall mwenyewe alikwenda mbali zaidi ya maziko. Mwaka 1777 alikuwa miongoni mwa waliopeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts kutaka utumwa ukomeshwe. Mwaka 1788 watu weusi huru watatu walitekwa Boston kwa hila, wakapandishwa melini na kupelekwa visiwa vya Karibi kuuzwa. Mmoja wao alikuwa mwanachama wa loji yake. Prince Hall na wenzake wakapeleka ombi bungeni, watu wengine wakaunga mkono, na katika muda wa wiki chache Massachusetts ikapitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kutoka bandari zake. Watu wale watatu wakarudi nyumbani mwaka huohuo. Chama kilichopewa ruhusa ya kuzika kiliwarudisha watu wakiwa hai.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na kuondolewa kwa utumwa, loji za Prince Hall zikaenea kusini, zikafika Georgia. Lakini Georgia ya wakati ule haikuwa mahali pa mtu mweusi kutembea kifua mbele. Septemba 1906, hapa hapa Atlanta, makundi ya Wazungu yaliyochochewa na magazeti yaliingia mitaani yakaua watu weusi wasiopungua 25, yakavunja maduka na saluni zao za kinyozi katikati ya mji. Baada ya umwagaji damu ule, biashara za watu weusi zilizidi kuhamia upande wa mashariki na kujibana katika barabara moja, Auburn. Walijibana, kisha wakajenga. Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa na kutajirika kwa kazi ya kinyozi, alikuwa ameanzisha kampuni ya bima iliyokuja kuitwa Atlanta Life. Mwaka 1912 chama kingine cha udugu, Odd Fellows, kikafungua jengo lake la ghorofa kadhaa katika barabara hiyohiyo, na aliyekuja kulizindua ni Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa watu weusi. Jengo lile bado limesimama. Mkipita, tazameni nyuso za Kiafrika zilizochongwa kwenye mapambo yake. Barabara ikajaa benki, makanisa, maduka ya dawa, magazeti na kumbi za muziki, na mtu mmoja akaibatiza jina la Sweet Auburn, Auburn Tamu, ambalo limebaki mpaka leo.

Mtu huyo aliitwa John Wesley Dobbs, na bila yeye sina hotuba.

Dobbs alizaliwa mwaka 1882 karibu na Marietta, huko ambako nusu ya mliomo humu mnaishi na mnalalamikia foleni. Babu na bibi zake walikuwa watumwa. Masomo ya chuo aliyaacha njiani kwa sababu mama yake aliugua, akaajiriwa kuwa karani wa posta kwenye treni, na kazi hiyo akaifanya miaka 32, akipanga barua usiku ndani ya behewa linalokwenda. Alikuwa na mabinti sita, na wote sita aliwasomesha Chuo cha Spelman. Aliwakataza kukanyaga ukumbi wowote wa starehe ambao uliwataka watu weusi wapande ngazi za nyuma. Mmoja wa mabinti hao, Mattiwilda, alikuja kuimba opera katika jumba la La Scala kule Milan mwaka 1953, na alipokuwa maarufu alikataa kuimba mbele ya hadhira iliyotenganishwa kwa rangi. Mjukuu wake, Maynard Jackson, alichaguliwa mwaka 1973 kuwa meya mweusi wa kwanza wa Atlanta, na ni jina lake mliloliona kwenye uwanja wa ndege siku mlipofika.

Mwaka 1932 Dobbs alichaguliwa kuwa Mkuu wa Loji Kuu ya Prince Hall ya Georgia, na alishika cheo hicho hadi alipofariki. Mwaka 1932! Mnajua mwaka ule ulikuwaje? Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umekaba koo la nchi nzima, benki zimefungwa, pamba haina bei, watu wanapanga foleni ya supu. Na katika miaka hiyohiyo, chini ya uongozi wake, Wamasoni wa Georgia wakajenga makao yao makuu. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1937. Waliochanga walikuwa nani? Makarani wa posta, wabeba mizigo wa treni, walimu, mafundi, wakulima wa vijijini, wachungaji. Tajiri mmoja wa kusaini hundi hakuwepo. Nami nalisema hili nikimtazama usoni yule ndugu aliyeniambia nje pale kwamba hali ya uchumi hairuhusu.

Sasa lisikilizeni vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo lililonileta. Jengo lile halikuwa la mikutano ya loji peke yake. Lilikuwa na ukumbi wa chama, lakini pia lilikuwa na vyumba vya kupangisha. Chini kulikuwa na saluni ya wanawake ya Madam C. J. Walker, ile kampuni ya mama mjasiriamali aliyetajirika kwa mafuta ya nywele. Kulikuwa na ofisi. Kodi za wapangaji zilisaidia kulilisha jengo, na jengo likawapa wapangaji kitu ambacho kodi haiwezi kununua: mwenye nyumba ambaye hatawageuka. Ukipanga kwa mtu, ndugu zangu, unaomba ruhusa hata ya kupigilia msumari ukutani. Ukipanga kwa mtu ambaye mji mzima unaweza kumtisha, siku atakapotishwa ni wewe utakayetafuta gari la kuhamisha vitu. Wamasoni hawakuwa na mwenye nyumba wa kutishwa. Nyumba ilikuwa yao.

Dobbs alitumia nafasi hiyo kwa jambo moja alilolihubiri kila alikokwenda: kura. Alikuwa na msemo kwamba mtu mweusi atapata uhuru wake kwa kitabu, kwa kura na kwa fedha, na loji zake, zilizokuwa zimetapakaa katika vitongoji vya Georgia, zikawa njia ya kuupeleka ujumbe huo mahali ambapo mhubiri wa siasa asingefika salama. Mwaka 1936 alianzisha umoja wa kuwahamasisha watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Kulikuwa na kodi ya kupigia kura, ambayo Georgia iliifuta mwaka 1945; kulikuwa na uchaguzi wa awali wa Chama cha Democratic uliowafungia nje watu weusi, hadi mahakama ziliposema hapana katika miaka ya 1944 na 1946. Milango hiyo ilipofunguka, Dobbs, mwanasheria A. T. Walden na viongozi wenzao walikuwa tayari. Katika mwaka 1946, kampeni ya wiki chache tu ilipandisha idadi ya watu weusi walioandikishwa kupiga kura mjini Atlanta kutoka takriban 7,000 hadi zaidi ya 20,000.

Inasimuliwa kwamba miaka ya nyuma viongozi hao walipokwenda kwa Meya William Hartsfield kuomba polisi weusi na taa za barabarani, aliwaambia warudi wakiwa na kura 10,000. Wakarudi nazo. Mwaka 1948 polisi weusi wanane wakaajiriwa. Lakini subirini, msipige makofi bado. Hawakuruhusiwa kumkamata Mzungu. Hawakuruhusiwa kubadilishia sare zao makao makuu ya polisi. Walibadilishia kwenye jengo la YMCA la watu weusi, Butler Street, hatua chache kutoka Auburn. Ninyi mnaofanya kazi za ulinzi usiku mnaweza kufikiria polisi wa namna hiyo, aliyekabidhiwa bunduki na kunyimwa chumba cha kuvulia shati. Hata hivyo, chumba kilikuwepo, kwa sababu watu weusi wa Atlanta walikuwa na majengo. Sasa pigeni makofi.

Taa za umeme nazo ziliwashwa Auburn mwaka 1949. Mwaka huohuo likatokea jambo jingine ndani ya jengo letu.

Jesse Blayton alikuwa mhasibu, mtu mweusi wa kwanza Georgia kupata leseni ya uhasibu wa umma, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta. Mwaka 1949 alinunua kituo cha redio kwa dola 50,000. Kituo kiliitwa WERD, na kikawa kituo cha kwanza cha redio nchini Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Nasisitiza kumilikiwa. Mwaka uliotangulia, kule Memphis, kituo cha WDIA kilikuwa kimeanza kutangaza vipindi vya watu weusi kwa sauti za watu weusi, na kikapata wasikilizaji wengi mno. Lakini wenye kituo walikuwa Wazungu. Tofauti hiyo huonekana ndogo siku za amani, wakati redio inapiga muziki na kutangaza sabuni. Huonekana siku anapokuja mtu na habari ambayo wakubwa wa mji hawataki isikike. WERD ilitafuta mahali pa kukaa, ikakaa kwa Wamasoni. Redio ya watu weusi ndani ya nyumba ya watu weusi. Nani angekuja kuizima? Kwa funguo za nani?

Miaka ikaenda, na akaja mpangaji mwingine. Umoja wa wachungaji na viongozi wa kusini, SCLC, uliundwa mwaka 1957 baada ya watu weusi wa Montgomery, Alabama, kugoma kupanda mabasi yaliyowabagua, na Martin Luther King akawa rais wake. Mwaka 1960 King alirudi kuishi Atlanta, akawa mchungaji mwenza wa baba yake katika Kanisa la Ebenezer, namba 407 Auburn. Na katika miaka mikali ya mapambano, miaka ya maandamano ya Birmingham, ya Washington, ya Selma, barua za SCLC zilikuwa zikitoka zikiwa na anwani hii: 334 Auburn Avenue. Jengo la Wamasoni.

Jiulizeni ni mwenye nyumba gani mwingine angempangishia. Januari 1956 nyumba ya King kule Montgomery ilirushiwa bomu akiwa mkutanoni, mke wake na mtoto mchanga wakiwa ndani. Januari 1957 makanisa kadhaa na nyumba za wachungaji mjini humo zikalipuliwa katika usiku mmoja. Mwaka 1962 makanisa ya kusini-magharibi mwa Georgia yaliyotumika kuwaandikisha wapiga kura yalichomwa moto. Kumpangishia King ofisi kulimaanisha kukubali kwamba bima yako itapanda, benki yako itakuita, na huenda ukuta wako usiamke salama. Mtu mmoja mwenye jengo lake, hata akiwa na moyo mzuri, ana watoto na ana deni. Chama chenye maelfu ya wanachama kina mabega mengi.

Na hapo ndipo panapotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mtangazaji wa WERD, Jack Gibson, aliyejulikana hewani kama Jockey Jack, alisimulia kwamba studio yao ilikuwa juu ya ofisi ya SCLC. King alipokuwa na tangazo la haraka, labda mkutano umebadilishwa mahali au mtu amekamatwa, hakuandika barua wala hakupanga miadi. Alichukua mpini wa ufagio, akagonga dari. Juu wakasikia. Gibson akafungua dirisha, akateremsha maikrofoni kwa waya hadi dirisha la chini, na King akazungumza na Atlanta yote akiwa amesimama dirishani mwa ofisi yake.

Vijana, ninyi mnaorusha video mkiwa kwenye basi, mnaweza kucheka. Lakini hesabuni ni ruhusa ngapi zilizohitajika ili sauti ile ifike hewani. Ruhusa ya mwenye nyumba? Nyumba ilikuwa ya ndugu. Ruhusa ya mwenye redio? Redio ilikuwa ya Blayton. Ruhusa ya mhariri? Mhariri alikuwa ameshika waya. Hakuna hata mlango mmoja kati ya mdomo wa King na sikio la bibi jikoni Vine City ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu asiyewatakia mema.

Sisi nasi hatuko nje ya habari hii. Mwezi Mei 1959 Tom Mboya, akiwa kijana wa miaka 28 tu, alifika Atlanta, na SCLC ikamwandalia chakula cha jioni cha heshima katika Chuo Kikuu cha Atlanta, King mwenyewe akizungumza na kusema kwamba mapambano ya Afrika na ya hapa ni mapambano yaliyoshikana. Mwaka huohuo, Septemba, ndege ya kwanza ya Mboya ilileta Marekani wanafunzi 81 kutoka Kenya, na King na wenzake wakasaidia kumlipia gharama mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa akisoma Chuo cha Tuskegee. Halafu Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga, waziri wa serikali mpya, alipita Atlanta. Vijana wa harakati wakaenda hotelini kumsalimu, wakaimba naye, kisha wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakakataliwa kwa sababu ya rangi. Wakakaa chini wakagoma, wakakamatwa. Mgeni wa taifa amelala upande huu wa ukuta, na waliokwenda kumwamkia wanapakiwa kwenye gari la polisi upande wa pili. Ndiyo Atlanta iliyokuwepo nje ya kuta za Auburn.

Wazee wa Tanzania mlioko hapa mmekwisha kuona ninakoelekea. Dar es Salaam, chama cha African Association, kilichoanzishwa mwaka 1929, kilianza kama chama cha ustawi na cha kusaidiana, kikajipatia nyumba yake New Street, barabara ambayo sasa inaitwa Lumumba. Wakoloni waliviangalia vyama vya namna hiyo kama mahali pa Waafrika kunywa chai na kucheza bao. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba hiyo ya New Street, ikazaliwa TANU. Watu wa Dar hawakuwajua Wamasoni wa Atlanta, wala wa Atlanta hawakuijua New Street, lakini pande zote mbili za bahari chama cha kusaidiana kilipata paa, na chini ya paa hilo likaingia jambo ambalo wachangaji wa kwanza hawakuliandika kwenye daftari.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Dobbs alifariki tarehe 30 Agosti 1961, siku ileile ambayo wanafunzi weusi tisa waliingia kwa mara ya kwanza shule za sekondari za Wazungu hapa Atlanta. Barabara kuu ya magari, ile mnayoiita Connector na kuitukana kila asubuhi, ilikatwa katikati ya Sweet Auburn, ikaibomoa mitaa na kuutenga upande mmoja na mwingine. Ubaguzi ulipoondolewa kisheria, watu wenye uwezo wakahama, maduka yakafuata wateja, na barabara iliyokuwa ikijaa Jumamosi usiku ikawa na milango ya mbao zilizopigiliwa misumari. WERD iliuzwa mwaka 1968. Mwaka 1992, na tena mwaka 2012, wahifadhi wa historia waliitaja Sweet Auburn miongoni mwa mahali palipo hatarini zaidi nchini. Jengo la Prince Hall nalo lilizeeka kama lilivyozeeka kila kitu pale. Kumiliki ni mzigo. Paa linapovuja hakuna wa kumpigia simu usiku isipokuwa mwenyewe.

Lakini Loji Kuu haikuuza. Hilo ndilo ninalowasifu kwalo kuliko hata ujenzi wenyewe, kwa sababu kuchanga wakati watu wana shauku si kazi ngumu kama kulipia mabomba miaka 60 baadaye, wakati walioanzisha wamekwisha kuzikwa na wajukuu wanauliza faida iko wapi. Majirani wangapi waliuza? Wao wakabaki. Mwezi Januari 2018 ikasainiwa sheria, iliyoletwa bungeni na John Lewis, mbunge wa Atlanta, ya kupanua mipaka ya hifadhi ya Martin Luther King na kuiita Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa, na sababu mojawapo ya kupanua mipaka hiyo ilikuwa kuliingiza jengo la Prince Hall. Serikali ya Marekani imelitambua, na wenye nyumba bado ni walewale.

Sasa, Mwenyekiti, naona umetazama saa, na mwenye ukumbi huu ametuandikia kwamba taa zitazimwa saa nne usiku na kila nusu saa ya ziada ina bei yake. Nimeombwa pia niseme neno kuhusu mfuko wetu. Nitauliza maswali tu, yajibiwe na wanaohusika. Hati ya kiwanja itaandikwa jina la nani: la jumuiya iliyosajiliwa, au la mtu mmoja mwaminifu ambaye kesho ana warithi? Ramani iliyoletwa mwezi uliopita ina ukumbi mkubwa wa harusi. Je, ina vyumba vya kupangisha, ili jengo lijilishe kama la Auburn? Kina mama wa saluni na mshonaji wetu wa vitenge, ambao kila mwaka wanahamishwa na wenye maduka, wameulizwa kama watapanga? Vijana wa kipindi chetu cha mtandaoni wametengewa chumba? Na mfuko wa matengenezo, wa paa na mabomba ya miaka 30 ijayo, uko wapi katika taarifa hii, kwa maana nimeisoma mara mbili sikuuona.

Wanaotaka kuliona jengo la Prince Hall, tramu ya mjini inapita Auburn. Mshuke karibu na Ebenezer, mrudi kwa miguu kuelekea katikati ya mji hadi kona ya Hilliard. Karibu na hapo, kwenye uwanja mdogo, mtaona sanamu ya uso wa Dobbs, uso mkubwa wa shaba ulio wazi kwa nyuma, ambao mtu anaweza kuingiza kichwa chake akatazama barabara kupitia macho yake. Watoto wanaipenda sana.

Mweka hazina, nakupisha. Anza na ukurasa wa pili, ule wa ahadi ambazo hazijalipwa.